Likizo Nilizouza

Rooty Hill, Jumatano alasiri

Mkamburi mwanangu,

Sanduku lako limelala wazi kwenye korido, nusu limejaa na nusu halina kitu, nami nimelizunguka mara tatu na mkongojo wangu kama mtu anayemkwepa ng'ombe aliyelala njiani. Kesho asubuhi una ndege ya kwenda Port Hedland, upande wa pili wa bara hili la Australia. Na leo, siku ya mwisho ya kukaa na baba yako, uko wapi? Uko kazini. Walikupigia simu saa kumi na mbili asubuhi kwamba kuna mtu hakufika, ukaruka kitandani kama zimamoto. Nikakuuliza, "Si uliagwa hapo Ijumaa? Si walikukatia keki?" Ukanijibu kwa Kiingereza chako, huku unatafuta soksi, kwamba ni shifti moja tu, Dad, na wanalipa vizuri.

Nilibaki mezani na chai yangu, nikacheka, na haikuwa furaha. Sauti ilikuwa yako lakini maneno yalikuwa yangu.

Sitakuandikia namna ya kuishi kwenye joto la huko, wala kufunga milango, wala kula vizuri. Wewe ni muuguzi wa miaka thelathini na mmoja, na mambo hayo unawafundisha wengine kwa mshahara, hata kama mwenyewe unakula umesimama. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimekuficha. Nitalifikia, usiruke mistari. Najua kusoma Kiswahili kunakuchosha, kwa hiyo soma kwa sauti, ukijisikia utaelewa. Ningeweza kuandika kwa Kiingereza, lakini uongo wenyewe niliusema kwa Kiswahili, kwenye meza hii hii, na nimeona si haki kuusahihisha kwa lugha nyingine.

Kilichonisukuma ni simu yako ya Jumapili. Najua si adabu kusikiliza simu ya mtu, ila kuta za nyumba hii ni karatasi, nawe ukiongea na rafiki zako unapaza sauti kama muuza samaki. Nilikusikia ukisema kwamba kwenye zahanati ya mgodi utafanya kazi wiki tatu na kupumzika wiki moja, na kwamba hiyo wiki moja utashuka Perth kufanya shifti za ajensi, vibarua vya kuziba mapengo ya wasiofika kazini, kwa maana ukae ufanye nini? Halafu ukasema likizo yako ya mwaka utaomba wakulipe pesa taslimu, kwa kuwa hata hivyo huitumii. Ukacheka. Mimi niliweka kikombe chini.

Mkamburi, unadhani ni wewe uliyegundua kuuza likizo? Mimi nilikuwa nikiuza likizo ulipokuwa bado unavaa sare ya shule.

Ngoja nikueleze nilivyofanya, kwa sababu nilifanya kwa ustadi mkubwa, na aibu yake iko kwenye ustadi huo. Kila mwaka pale kwenye makao ya wazee nilikuwa na wiki nne. Mbili niliwauzia waajiri wangu. Mbili zilizobaki nilizichukua, ila sikumwambia mtu. Asubuhi nilivaa sare, nikafunga chakula changu, nikamuaga mama yako, kisha badala ya kwenda kazini kwangu nikabadilisha treni hadi Merrylands, kwenye makao mengine, kufanya kazi ya ajensi. Kwa miaka kumi na miwili mama yako hakujua kwamba mume wake alikuwa na likizo. Nilikuwa likizoni mbele ya macho yake, nimevaa sare.

Naye aliomba. Kila mwaka aliomba kitu kimoja. Hakuomba Ulaya, wala hakuomba turudi Kenya kwa Krismasi kama wake wa wenzangu. Aliomba tupande treni ya milimani. Unaijua. Inapita hapa stesheni kwetu bila kusimama, hata sasa naisikia kutoka jikoni. Saa moja na nusu tu hadi Katoomba. Mama yako alizaliwa Wundanyi, kule kwetu Taita, ambako ukungu huingia ndani asubuhi na kukaa hadi saa nne, na kuna dada mmoja kanisani alimwambia kwamba Katoomba ni hivyo hivyo.

"Baba Mkamburi," akaniambia, "nataka kuvaa sweta kwa sababu ya ukungu. Nimechoka kuvaa sweta kwa sababu ya kiyoyozi cha watu."

"Wamenikatalia," nikasema. "Watu hawatoshi."

"Hata siku mbili?"

"Hata moja."

"Basi, mwakani."

Mwaka uliofuata alifuma sweta mbili, yake ya kijani na yangu ya kijivu, za safari. Ulizikuta kabatini baada ya msiba wake ukauliza mbona hazijavaliwa. Nikakwambia zilikuwa hazijakamilika. Zilikuwa zimekamilika hadi vifungo.

Usidhani nilikuwa mtu asiyependa milima. Nilifundisha jiografia miaka kumi na tisa. Wanafunzi wangu niliwapandisha vilimani na madaftari, wakachora mito, wakaandika majina ya ndege kwa Kitaita na Kiswahili, na tukirudi wamelowa matope hadi magotini wazazi walikuja kulalamika. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yangu. Mwaka wa kwanza tulipofika hapa, jirani alikuwa akiuza vitu vyake vya zamani mbele ya gereji, nikanunua darubini ya kutazamia ndege. Nilijiambia, nikipata nafasi. Mwezi uliopita niliitoa kwenye mkoba wake. Mkanda wa ngozi ukapukutika mikononi mwangu kama biskuti. Lenzi ni nzima kabisa, Mkamburi, haina hata mkwaruzo. Nilikasirika nusura niitupe dirishani. Nikaitazamia kunguru mmoja kwenye nyaya za umeme, basi, hiyo ndiyo kazi yote iliyowahi kufanya.

Utauliza kwa nini. Mimi pia nimejiuliza, maana siku hizi nina muda, ndicho kitu pekee nilichokipata kwa wingi sasa ambapo moyo unanikatalia kupanda ngazi. Nitakupa jibu langu, sijui kama litakutosha. Tulipofika, shahada yangu haikukubaliwa. Waliniambia nirudi chuoni, na nilikuwa na umri wa kuwa baba wa wanafunzi. Nikachukua kazi ya kuogesha wazee. Kazi yenyewe haikunidhalilisha, wazee wale niliwapenda na wengine niliwafumba macho walipofariki. Kilichonidhalilisha ni barua nilizokuwa nikiandika nyumbani: "Nafanya kazi hospitalini." Waliosoma walidhani ni ofisini. Sasa mtu akishasema uongo wa namna hiyo, lazima awe na kitu cha kuonyesha, nami cha kuonyesha kilikuwa pesa. Nikalipa mchango wa harusi hii, ada ya mtoto yule, kisha nyumba hii, kisha ile ya kupangisha Mount Druitt ambayo mabomba yake yamenitia wazimu kuliko wanangu wote, nami nina mtoto mmoja tu. Kila shifti ya ziada nilikuwa namjibu mtu. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Na Jumapili inalipa zaidi. Unajua. Jumamosi inalipa zaidi, Jumapili zaidi tena, sikukuu ndiyo usiseme. Nusu ya kanisa letu tulikuwa tunagombea Krismasi kama watu wanaogombea nyama. Siku watu wa nchi hii wanapokaa na watoto wao, sisi ndio tunaosukuma viti vya wazazi wao.

Papa Bahati alinionya, na unajua nilivyomdharau. Yule jirani yetu wa Uvira, Kongo, aliyekuwa akipakia makatoni kwenye ghala, alikuwa na watoto sita na gari lililofungwa kwa kamba. Jumapili hakugusa kazi. Alikaa nje ya gereji yake na ubao wa dama na vizibo vya soda, akanisubiri nipite na mkoba wangu.

"Mwalimu! Leo siku ya Mungu, unakwenda wapi?"

"Kazini, Papa Bahati."

"Kazini tena! Na hiyo makuta yote utakula na meno gani?"

Makuta kwao ni pesa, na watoto wake walicheka hadi wakagaragara. Nilikwenda stesheni nikinung'unika kwamba mtu wa namna hiyo hatamiliki hata kibanda cha kuku. Sasa meno yangu yamo kwenye glasi bafuni, na yeye kila Jumapili anakuja na ubao wake kunifunga dama bila huruma. Bado anapanga nyumba. Watoto wote sita wako ndani ya nusu saa kutoka kwake, na wanakuja bila kuitwa. Simwonei wivu, au niseme, namwonea wivu kidogo sana siku za Jumapili peke yake.

Lakini nisijifanye mtakatifu leo kwa kuwa naumwa. Paa hili lililipwa na shifti hizo, na chuo chako pia. Sikuambii pesa ni takataka. Nimewahi kukosa pesa, wewe hukuwahi, na hilo silijutii. Ninachokwambia ni kwamba mwisho wa yote nilikuwa nimelipa nyumba mbili na sikuwa na siku hata moja ya kukaa ndani yake.

Sasa nimefika nilipokuwa naogopa kufika.

Mama yako alipougua, ulikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Wewe ndiye uliyempeleka kwenye matibabu, Jumanne na Ijumaa, wiki baada ya wiki. Uliacha timu yako ya netiboli, na hukurudi tena. Viatu vyako bado viko gereji, nimekataza visitupwe. Ukaniuliza jikoni, "Dad, kwa nini huwezi kuja hata mara moja?" Nikakwambia, "Wamenikatalia. Huyo Helen amenikatalia."

Unamkumbuka Helen, meneja wangu, mama wa Kizungu mwenye miwani ya kamba shingoni. Tangu siku hiyo ulimchukia. Na kwenye msiba, kwenye ukumbi wa kanisa, alipokuja na trei ya sandwichi ulimsimamisha mlangoni mbele ya watu. Nakumbuka kila neno. Ulimwambia hana haya kuja pale, kwamba alikula siku za mwisho za mama yako na sasa ameleta mikate.

Mkamburi, Helen hakunikatalia.

Aliniita ofisini wiki ile ile tuliyopata majibu ya vipimo, kabla sijaomba chochote. Alisikia kwa wenzangu. Akaniambia nichukue siku za kumwuguza mke wangu, na zikiisha nichukue likizo bila malipo, miezi mitatu, kazi yangu ataishikilia mwenyewe. Alikuwa ameshaandika fomu. Ilibaki sahihi yangu. Nikamwambia nitafikiria. Nikarudi baada ya siku mbili nikamwambia kwamba katika mila yetu wanawake ndio huuguzana, mume hukaa kando, na kwamba afadhali anipe Jumapili zaidi. Nilitumia kabila langu zima kama kisingizio. Hakuna mila kama hiyo Taita. Baba yangu alimwogesha mama yangu kwa mikono yake mpaka siku ya mwisho, na mimi ndiye niliyekuwa nikimchotea maji.

Nilikuwa naogopa deni la Mount Druitt. Hiyo ni sehemu ya ukweli. Sehemu nyingine ni kwamba niliogopa chumba kile. Kazini nilijua la kufanya na mtu anayekufa. Nyumbani sikujua.

Aliposimama mlangoni na trei yake, Helen alinitazama. Alikuwa na haja ya kusema sentensi moja tu nami ningebaki uchi mbele ya kanisa zima. Hakuisema. Aliiweka trei mezani, akakushika bega, ukalitoa, akaondoka. Na mimi nilikula sandwichi yake. Ya yai. Nimeisukuma kwa chai miaka minne sasa na bado iko hapa kooni.

Wiki iliyopita nilimpigia simu. Amestaafu, analima maua. Nilimwomba msamaha, nikatumia maneno mengi, unajua nilivyo. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Umemwambia binti yako?"

"Bado."

"Basi bado hujanipigia," akasema, akakata simu.

Namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha hii. Sikuagizi. Nakupa tu, kwa sababu ni mzigo wako niliokutwika kwa jina la mtu mwingine, nawe una haki ya kuutua unapotaka. Mimi ndiye uliyepaswa kumsimamisha mlangoni.

Kuna jingine, fupi. Nilikwambia daktari amesema moyo wangu unaendelea vizuri. Hakusema hivyo. Alisema unachoka, kwamba dawa zimefika mwisho wa uwezo wake, na nilipomwuliza muda hakutaja miaka. Usiahirishe safari. Nakujua, utataka kuvunja mkataba, halafu utakaa hapa ukifanya shifti mbili kwa siku ili ulipie faini, na nitakufa nikitazama sanduku hilo koridoni. Nenda. Papa Bahati ananiangalia, na muuguzi anakuja kila asubuhi, msichana wa Goma asiyejua kunyamaza. Nakwambia ili siku ikifika usiseme hukuambiwa. Katika nyumba hii watu wameambiwa mambo machache mno ya kweli.

Nimekasirika leo, utaona kwenye mwandiko. Sikukasirikii sana wewe. Ni kama mtu anayeandika maagizo mabaya kwenye ubao, halafu anageuka na kumkuta mwanafunzi wake bora ameshayanakili yote kwa mwandiko mzuri. Nani alikufundisha kwamba kukaa ni uvivu? Nani alikufundisha kusema "ni shifti moja tu"? Una kitu kwenye simu kinachokuonyesha kila senti ilikokwenda, na ulinionyesha kwa fahari. Nilikuuliza Jumamosi iliyopita ulifanya nini, ukafikiri sana, hukukumbuka.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja, na ni kile kile alichoomba mama yako, nimekiiba kwake. Wiki yako ya kwanza ya mapumziko usishuke Perth. Njoo. Tutapanda treni ya milimani. Stesheni yetu haisimami, kama ujuavyo, kwa hiyo utanipeleka kwa gari hadi Blacktown, nitakaa kwenye kiti cha magurudumu na sitaona haya, wewe utasukuma, una mazoezi. Kadi zetu za nauli, zile za Opal, nimeshazijaza pesa. Sweta ya kijani itakutosha, nimeipima kwa macho. Darubini nimeifunga kamba ya kiatu chako cha netiboli, samahani, kimoja tu. Kama hakuna ukungu tutakunywa chai na kurudi. Kama upo tutakaa hadi uondoke, kwa maana sina pa kuwahi.

Labda nitakuwa sipo wiki hiyo ikifika. Basi uende peke yako, au umpigie mtu ambaye namba yake iko nyuma ya bahasha, anapenda safari kuliko alivyopenda kazi.

Lakini kama nipo, nitakuwa nimekaa hapa dirishani, nimeshavaa ile ya kijivu. Watakupigia simu huko, najua, kwamba kuna mtu hakufika na wanalipa vizuri. Utakuwa na haki ya kukubali, siha ni yako na siku ni zako. Ila usinipigie kuniambia wamekukatalia. Sitabishana nawe, sitapaza sauti, nitasema tu "Basi, wiki nyingine," kama alivyokuwa akisema yeye. Lakini nitajua ni nani aliyekataa. Maneno hayo niliyatunga mimi, mwanangu, nikayasema miaka kumi na miwili, na nayatambua hata kwa Kiingereza.

Ni mimi,
Baba